Kyubiti 12, Chake Chake

Ulikuwa msimu wa karafuu na skuli zimefungwa. Mwalimu mmoja wa Chake Chake aliniruhusu nilale na kompyuta zao, mashine kuukuu zenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 kila moja, nyengine feni zinakwaruza.

Nilitaka kuigiza kwa kompyuta mnyororo wa kyubiti 12, yaani biti za kwanta, unaovuja nishati kwenye ncha zake mbili. Huo ndio mfumo wazi wa kwanta: haujajifungia, mazingira yanaula taratibu. Njia iliyozoeleka ni kutatua mlinganyo wa Lindblad wa 1976, unaoeleza mfumo kama huo unavyobadilika, lakini hapo unabeba matriksi ya msongamano nzima, jedwali la namba linaloeleza hali ya mfumo, 4096 kwa 4096. Nakala moja ni megabaiti 256, na programu hutaka nakala kadhaa, achilia mbali mlinganyo wenyewe. Kwa mashine zile, usahau.

Nikashika njia ya Dalibard, Castin na Mølmer ya 1992, ambayo imo tayari ndani ya QuTiP, programu huria ya kuigiza mifumo ya kwanta. Unafuata hali moja tu, namba 4096, kilobaiti 64 basi. Namba nasibu ndizo zinazoamua nishati iruke nje saa ngapi. Kila mwendo kamili wa namna hiyo ni pito, na pito moja peke yake halisemi kitu. Yakiwa mengi ukachukua wastani, jibu la Lindblad linajitokeza.

Nikazungukia mashine na flashi, programu ileile, ila kila moja na namba yake ya kuanzishia zile namba nasibu. Zikianza sawa zitatoa mapito yaleyale, umeme uliwe bure.

Mlinzi akaja na birika la kahawa.

"Mwanangu, mbona hujaziunganisha? Zitasemezana vipi?"

"Hazina haja, ami. Ni kama wachumaji wa karafuu, kila mtu na mti wake, jioni ndio mnapima pishi."

"Na umeme ukikatika?"

Ulikatika kweli, kabla ya alfajiri, na hapo ndipo nilipoipenda njia hii. Kila pito lililokamilika lilikuwa limeshaandikwa kwenye diski. Kila mashine ilipoteza lile moja lililokuwa njiani tu.

Mchana nikakusanya mafaili. Ukingo wa kosa ulikuwa mpana, na kuupunguza nusu kunataka mapito mara nne. Lakini nilichotaka kujua ni kyubiti za kati zinachelewa kiasi gani kupoteza nishati nyuma ya zile za nchani, na hilo lilisomeka waziwazi kwenye mchoro, kosa na upana wake wote.