Kipunji, Sasquatch na Suala la Mzoga

Kila ninaposoma ubishi kuhusu Sasquatch, yule kiumbe mfano wa sokwe anayesemekana kutembea wima katika misitu ya magharibi ya Amerika Kaskazini, iwapo ni mnyama au ni pepo, humkumbuka kipunji wa Mlima Rungwe. Mwanzoni mwa 2003 wawindaji wa huko waliwatajia watafiti kima mwenye haya nyingi aitwaye kwa jina hilo, na kwa kuwa simulizi za Wanyakyusa huwaweka pamoja wanyama wa msituni na viumbe wa mizimu, haikujulikana mara moja kipunji yuko kundi gani. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameonekana waziwazi, na mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa.

Alitangazwa rasmi 2005 kwa kutegemea picha. Kisha mmoja akafa katika mtego wa mkulima, na mzoga wake ulipochunguzwa ikabainika kwamba ana undugu wa karibu zaidi na nyani kuliko ilivyodhaniwa, hata akatengewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, mwaka 2006. Mzoga mmoja tu ulifundisha jambo ambalo picha hazikuweza kulifundisha.

Kwa upande wa Sasquatch ipo filamu fupi ya Patterson na Gimlin, inayodaiwa kumwonyesha akitembea, iliyopigwa Bluff Creek, California, tarehe 20 Oktoba 1967, ambayo inabishaniwa hadi leo. Zipo pia nyayo maarufu za 1958 katika eneo hilohilo, lakini Ray Wallace, mkandarasi wa barabara wa huko, alipofariki mwaka 2002, familia yake ilitoa miguu ya kuchonga kwa mbao na kusema ndiyo iliyozitengeneza. Mzoga haupo.

Hapo ndipo baadhi ya wanaoamini kwamba Sasquatch ni mnyama huanza kudai kwamba mzoga haupatikani kwa sababu kiumbe huyo huyeyuka na kuingia ulimwengu mwingine. (Mfa maji haachi kutapatapa.) Dai hilo silikubali, kwa kuwa limetungwa hivi kwamba hakuna ushahidi wowote unaoweza kulikanusha. Imani ya Wasts'ailes, wenyeji wa asili wa British Columbia, Kanada, ni jambo tofauti: kwao Sasquatch ni mlinzi wa ardhi anayepita kati ya ulimwengu huu na ule wa roho, na hawakuibuni ili kuficha upungufu wa ushahidi.

Mnyama hawezi kudumu karne nzima akiwa peke yake; lazima wawepo madume, majike na watoto, wanaokula, kunya na kufa. Vipunji waliohesabiwa walizidi 1,100 kidogo tu, tena ni wadogo wa umbo na hukaa juu mitini, lakini walionekana. Nikitakiwa kuchagua, nitakaa na wazee wa Sts'ailes kabla ya kukaa na wanaomsubiri mnyama huyo wakiwa na kamera.