Jinsi mimi na mke wangu tulivyoacha kugombana kuhusu katuni na muvi za watoto

Niseme mapema mimi sio mchungaji wala mwalimu wa Biblia, ni baba tu mwenye watoto watatu, na mke wangu na mimi tumeokoka wote lakini likija suala la tivii utadhani tunasali makanisa mawili yasiyosalimiana. Yeye kakulia nyumba ambayo muvi zote zilikuwa za dunia, nukta. Mimi kwetu kilichowaka ndicho tulichoangalia. Sasa mkioana hivyo halafu watoto wakaanza kukua na kuomba katuni kila katuni inageuka kesi, huyu anasema zima, huyu anasema mbona hamna kitu hapo, na watoto wanajifunza haraka sana ni mzazi gani wa kuombwa na ni mzazi gani wa kukwepwa.

Kilichoanza kutukwamua ni kukaa wawili watoto wamelala tukaulizana, hivi tunakataa nini hasa? Tukataja ya kawaida, matusi, uchi, damu, uchawi. Nikasema basi rahisi, lebo za umri si zipo. Wamarekani wanazo tangu 1968, ile PG-13, ya kuwaonya wazazi wenye watoto chini ya miaka 13, iliongezwa 1984 baada ya wazazi kulalamika kuwa muvi za PG, zile za kuangalia kwa mwongozo wa mzazi, zinatisha watoto, na ukisoma maelezo ya lebo wanakwambia kabisa hii ina mapigano, hii ina lugha chafu. Mke wangu akasema sawa baba, sasa chukua Waamuzi sura ya 19 uipe lebo. Nikacheka ila nilielewa. Ukipima kwa kuhesabu mabaya yaliyoonyeshwa Biblia yenyewe haipiti kwa watoto, kuna kubaka mle, kuna mwili unakatwa vipande, lakini ukimaliza kusoma hutamani hata kidogo kuwa kama wale watu. Na kuna katuni haina tusi wala tone la damu, lebo yake ya watoto wadogo kabisa, halafu dakika zote tisini inamwambia mwanao fuata moyo wako, moyo wako haudanganyi, wazazi hawakuelewi. Wakati Yeremia 17:9 inasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Hiyo lebo haiioni, na sio kazi yake.

Kwahiyo swali letu likahama. Badala ya kuuliza kuna nini kibaya ndani tukaanza kuuliza hii hadithi inataka nipende nini, na huyu mhusika mkuu kaokolewa na nini. Basi. Nimeona watu wana fomu ndefu za maswali, zifanyieni kazi mkiweza, sisi tulijua hatutaweza.

Nitoe mfano wa Frozen ya Disney, ile ya 2013, maana nyumba yenye mtoto wa kike unaijua utake usitake. Mke wangu alikuwa hataki kuisikia sababu ya ule wimbo maarufu, anasema unafundisha mtoto hakuna sheria hakuna kosa, na kwenye maneno ya wimbo yuko sahihi. Lakini tulipoiangalia wenyewe bila watoto tukaona kitu. Elsa, yule malkia mwenye nguvu za kugandisha vitu, anauimba ule wimbo akiwa kakimbilia mlimani peke yake anajiona huru, na muda huo huo huko chini nchi yake yote inaganda kwa ajili yake na yeye hata hajui mpaka mdogo wake anakuja kumwambia. Yaani hadithi yenyewe inaukatalia ule wimbo! Na mwisho Anna, huyo mdogo wake, yuko karibu kufa kwa baridi, anamuona anayeweza kumuokoa anamjia, anageuka anakwenda kujiweka mbele ya upanga uliokuwa unamshukia dada yake. Wote walikuwa wanasubiri busu la mwanaume, kumbe tendo la upendo lilikuwa ni mtu kutoa uhai wake. Yohana 15:13 kabisa. Shida ni kwamba wimbo umekatwa ukatolewa nje ya hadithi, mtoto anauimba kutwa nzima bila ile nchi iliyoganda. Tukaamua muvi ndiyo, tena tukae wote, ila wimbo peke yake kwenye kurudia rudia hapana. Watoto waliona ajabu, kawaida wazazi wanafanya kinyume.

Coco ndiyo ilituweka hapo muda mrefu. Hii ya Pixar, 2017, habari ya sikukuu ya wafu ya Mexico, wafu wanavuka daraja la maua kuja kuwatembelea ndugu zao kama picha zao zimewekwa, na mfu akisahauliwa kabisa na walio hai anapotea moja kwa moja. Sasa hapo mke wangu alisema hapana na mimi sikubishana, Kumbukumbu la Torati 18 iko wazi kuhusu kuwasiliana na wafu. Lakini mkubwa wetu alikuwa ameshaiona kwa rafiki yake, kaja na swali lake mfukoni, baba, bibi akisahaulika atapotea? Bibi alikuwa amefariki si muda mrefu. Hilo swali huwezi kulijibu kwa kusema zima tivii. Tukakaa chini tukaongea kuhusu ufufuo, kwamba bibi hayupo salama kwa sababu sisi tunamkumbuka, yupo salama kwa sababu Bwana anamjua, na hata kizazi kizima kikimsahau Yeye hasahau. Ninavyoona mimi hayo yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko vipindi vingi vya Jumapili alivyowahi kukaa. Na haki yake niseme, ile muvi upande mwingine inasema kitu ambacho muvi za watoto huwa hazisemi, yule mwimbaji maarufu aliyefuata ndoto yake kwa gharama yoyote ndiye muuaji, na kijana anajifunza kwamba familia inazidi umaarufu. Kwahiyo ina jema na ina uongo humo humo, na 1 Wathesalonike 5:21 haikusema jaribuni mambo yote mtupe yote, imesema lishikeni lililo jema. Wadogo bado hawajaiona, na hawataiona mpaka waweze kuuliza swali kama la kaka yao.

Kuhusu uchawi kwenye hadithi najua watu watauliza. Sisi mstari tuliouweka ni huu: je mtoto anaweza kwenda kukijaribu chumbani kwake? Mnyama anayeongea au mlango unaotokea dunia nyingine hakuna wa kujaribu. Kuita roho, kutabiri kwa nyota, ubao wa kuongea na mizimu, hivyo vipo kweli na watu wanavifanya, hivyo haviingii hata kama ni vichekesho. Kuna ndugu wataona tumelegea na wengine wataona tumebana. Warumi 14, ile sura inayosema tusihukumiane kwenye mambo ya dhamiri, imewabeba wote wawili.

Na hiyo sura ndiyo iliyoponya ndoa yetu kwenye hili kuliko kigezo chochote. Tulikubaliana kwamba kwa muvi ya familia mwenye dhamiri inayomsumbua zaidi ndiye anayeshinda, bila kudaiwa ushahidi, na asiyesumbuliwa hana ruhusa ya kucheka wala kununa. Mimi ndiye niliyepoteza muvi nyingi kwa mpango huu, sio siri. Ila kitu nilichokiona, mke wangu alipojua hatalazimishwa akaacha kukaa kama mlinzi mlangoni, siku hizi yeye ndiye anayesema hebu tuiangalie kwanza sisi.

Ya vitendo niyapitie haraka. Ile kujiendesha yenyewe kwenda kipindi kinachofuata tuliizima kwenye mipangilio, maana hapo anayechagua sio wewe tena. Rimoti inaruhusiwa kusimamisha katikati, watoto walilalamika mwanzoni sasa wanasimamisha wenyewe kuuliza. Vivideo vifupi kwenye simu tumevikataa kwa wadogo wote hata vile vya nyimbo za injili, na hapa nina maoni makali kidogo: hadithi unaweza kuihoji kwa sababu ina mwanzo na mwisho na mtu anavuna alichopanda, kivideo cha sekunde chache hakina mavuno, kinakuacha unacheka halafu kinakuja kingine na mwisho wa saa nzima mtoto hawezi kukusimulia hata kimoja. Kwa ndugu zetu hatuendi na sheria zetu, shemeji akiweka muvi yake kwake ni kwake, tunachofanya ni kuongea na watoto tukirudi.

Halafu kuna sisi wakubwa. Augustino, yule askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, kwenye kitabu chake Maungamo anamsimulia rafiki yake Alipio, kijana msomi wa sheria kule Roma, wenzake wakamburuta kwenye uwanja wa wapiganaji akawaambia mtauleta mwili wangu tu, akafumba macho. Umati ukapiga kelele moja kubwa, akataka kujua tu nini kimetokea, akafumbua, na kuanzia hapo yeye ndiye akawa anawaburuta wengine. Namfikiria sana huyu jamaa. Mzazi anabana katuni mchana halafu saa nne usiku watoto wakilala anafungua siriizi ambayo asingependa mchungaji aikute imewaka, na anajiambia mimi mtu mzima haziniingii. Swali ni lile lile, hii inataka nipende nini. Kuna moja nilikuwa naifuata sana, nikajibu hilo swali kwa ukweli, nikaifuta kwenye orodha, na sijui iliishaje.

Sasa hivi kilichopo mezani ni mkubwa wetu, ameingia umri wa kutaka siriizi za Kijapani za kuchora, zile za mashujaa na mapepo, mamia ya vipindi. Juzi kaja na hoja zake kaziandika, mhusika mkuu anapenda nini, kaokolewa na nini, kibaya kinaonekanaje, hata ile ya kujaribu chumbani kaijibu. Mama yake kasoma karatasi mara mbili, kasema kipengele cha mapepo hajaridhika, mimi nimeona hoja zake zina uzito kuliko za watu wazima wengi. Tumekubaliana vipindi viwili vya kwanza tutaangalia watatu Jumamosi, wadogo wakiwa wamelala, na rimoti atashika mama.