Ukuta kando ya mikoko

Jana maji ya bamvua, yale makubwa kuliko ya kawaida, yalipojaa nilishuka hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioko Mombasa, pale jirani mmoja alipojenga ukuta. Maji yalipiga saruji, yakarudi na tope lake. Nikangoja yapwe. Chini ya ukuta michu, aina ya mikoko, imebaki mizizi ya kupumulia tu, imechomoza kama vidole. Niliinama nikatafuta tondo, konokono wa tope la mikoko, sikuona hata mmoja. Mbele kidogo, pasipo ukuta, tope ni laini, kaa wamejaa, na miche inachipua upande wa nchi kavu. Bahari ikipanda mikoko huhama polepole kwenda juu. Ikikuta ukuta haina pa kwenda. Namwelewa mwenye nyumba, ardhi yake ilikuwa inaliwa. Lakini kamba na samaki wachanga walikuwa wakikulia hapo, na inaniuma sana.