Mabawa ya kumbikumbi na jua la Maseno

Mwaka wa mwisho wa diploma tulipewa kazi ya kutengeneza filamu fupi isiyo na mwigizaji wala maneno. Wenzangu wengi walikimbilia Dunga, ufukweni Kisumu, kupiga machweo, na siwalaumu, kwa sababu jua likizama pale ziwani hata simu ya bei ya chini inatoa picha ya kupendeza. Mimi nilikuwa nimechoka na filamu ambazo picha inatoka huku na muziki unakuja kubandikwa kutoka kule. Nilitaka picha na sauti vitoke kwenye kitu kimoja.

Wazo hilo lina wazee wake. Mwaka 1963 Mmarekani Stan Brakhage alibana mabawa ya nondo, majani na maua katikati ya tepu zinazopitisha mwanga, kisha akapitisha utepe huo kwenye mashine ya kuchapa filamu. Kamera hakuigusa. Filamu hiyo, Mothlight, ni ya dakika chache tu na haina sauti kabisa. Norman McLaren naye, aliyefanya kazi miaka mingi Kanada, alichora sauti kwa mkono ukingoni mwa filamu. Hilo liliwezekana kwa sababu ya jinsi projekta za zamani zilivyosoma sauti: taa ndogo inamulika mstari ulio pembeni mwa filamu, mwanga unaopenya unaiangukia seli inayougeuza kuwa umeme, na umeme unaenda kwenye spika. Chochote kinachoubadilisha mwanga pale, iwe wino, mkwaruzo au hata uchafu, kitasikika.

Brakhage aliwaacha nondo wake kimya. Mimi nikajiuliza, je, lile bawa lenyewe lingepitishwa pale penye mstari wa sauti, lingesema nini?

Filamu ya milimita 16 sikuipata Kisumu, na kuagiza nje hakukuwa kwa mfuko wa mwanafunzi. Mabawa, hata hivyo, kwetu ni ya bure. Nyumbani ni karibu na Maseno, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapokata ikweta, na mvua za masika zikishika, taa ya veranda huachwa ikiwaka makusudi. Kumbikumbi huja kwa fujo, wanajigonga kwenye balbu, wanaanguka, na baada ya muda mfupi wanayadondosha mabawa yao yote manne. Hayang'oki ovyo. Karibu na mwili pana mstari dhaifu ambapo bawa limeumbwa kukatikia, ndiyo maana asubuhi unayakuta mazima yamejaa kizingitini. Kukhu, bibi yangu, huchukua miili kwa ajili ya kikaango na mabawa huyapepeta kwa ungo. Aliponiona nikiyazoa kwa karatasi alinitazama kwa huruma.

“Mjukuu wangu, kwani huko chuoni hamlishwi?”

Inua bawa moja mbele ya dirisha. Rangi yake ni ya chai iliyotiwa maji mengi, ukingo wa mbele una mshipa mzito mweusi, na kutoka hapo mishipa midogo inasambaa hadi kupotea. Mengine yana mkunjo katikati, na penye mkunjo mwanga unakuwa hafifu maradufu. Hapo ndipo nilipojua sihitaji kuchora kitu.

Kisha ikaja hesabu, maana utepe wangu wa selotepu ungefuata vipimo vya filamu ile niliyoikosa. Fremu moja, yaani picha moja, ya filamu ya milimita 16 huchukua milimita 7.62 za utepe, na sekunde moja ina fremu 24, kwa hiyo sekunde ni kama sentimita 18. Dakika mbili ni karibu mita 22. Bawa la sentimita mbili na nusu, likilala kwa urefu, linakaa machoni kwa fremu tatu na kidogo. Ukiyapanga moja baada ya jingine bila nafasi, dakika mbili zinameza mabawa zaidi ya 800, yaani kumbikumbi wasiopungua mia mbili na kumi. Kwa usiku mmoja wa mvua nzuri hilo si tatizo. Tatizo ni vidole. Selotepu haisamehe, bawa likishagusa gundi halisogei, nami nikajifunza kulishika kwa kibanio cha nyusi cha dada yangu na kuliteremsha kwa ncha kwanza.

Kupiga picha kulikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Nilikata dirisha dogo kwenye kadi nyeusi, lenye ukubwa wa fremu, nikaliweka juu ya kioo chenye karatasi ya kufuatishia michoro, na chini yake nikaegemeza kioo cha kujitazamia ili kirushe jua juu. Simu ilikaa juu ya rundo la vitabu, kioo cha kukuzia mbele ya lenzi yake. Utepe niliutia alama kila sentimita 18, nikavaa spika za masikioni zikinipigia mdundo mmoja kwa sekunde, na kila mdundo nikavuta alama moja. Kwa kuwa utepe hausimami kama unavyosimama ndani ya projekta, shata, yaani pazia la kamera, lazima iwe ya kasi sana, sehemu moja ya elfu ya sekunde, la sivyo yote yanakuwa ukungu. Shata ya kasi hivyo inataka mwanga mwingi usiotetemeka. Taa ya stima haifai: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde, na simu inayanasa mapwito hayo kama mistari inayopita juu ya picha. Jua la saa sita mchana ikweta halina shida hiyo.

Sauti ilinipeleka Kibuye, sokoni Kisumu, kwa fundi wa redio. Nilimbebea kipande cha sola kilichotoka kwenye taa iliyokufa nikamwomba akiunganishe na jeki ya kinasa sauti.

“Nyathina, hii ni ya kuchaji, si ya kusikiliza,” akasema.

Nikamwomba ajaribu. Akalehemu nyaya mbili, akaongeza kapasita ndogo ili umeme usiobadilika usipite, akachomeka kwenye amplifaya iliyokuwa mezani. Kibanda kizima kikanguruma. Fundi akaivuta sola mbali na taa ya tyubu iliyokuwa juu yetu, ngurumo ikapungua, akairudisha, ikapanda. Yalikuwa yale mapwito 100 ya kila sekunde, safari hii yakisikika. Wateja wawili walisogea kuona.

Kwa mabawa nilitumia tochi ya betri, isiyonguruma. Juu ya sola niliweka nyembe mbili zikitazamana, makali kwa makali, nikaacha ufa mwembamba kati yake. Ufa ndio siri yote. Ukiwa mpana, unasikia mapigo mazito tu, bawa linaingia, bawa linatoka. Ukiubana, mishipa midogo inaanza kukwaruza, na palipo na chembe ya vumbi panatoa mlio wa kijiti kinachovunjika. Utepe uleule, kwa mwendo uleule wa sentimita 18 kwa sekunde. Sikuongeza mwangwi wala kusafisha kelele, ingawa programu ya kuhariri ilikuwa ikinishawishi kila nilipoifungua.

Nilipofika kwenye kuhariri nilikuta swali ambalo sikulitarajia. Ndani ya projekta ya milimita 16, sauti haisomwi mahali picha inapoonyeshwa. Picha husimama na kuruka, na sauti inataka mwendo laini, hivyo kisomaji kimewekwa mbele zaidi, umbali wa fremu 26. Ukikwaruza filamu upana wote mahali pamoja, utauona mkwaruzo kwanza na kuusikia baadaye, sekunde moja na kitu. Kwenye kompyuta ningeweza kuvisawazisha. Niliacha fremu 26 zibaki. Sekunde hiyo moja na kitu ni kama radi iliyopiga mita 370 kutoka ulipo, na mtu yeyote aliyekulia upande huu ameshahesabu kati ya mwanga na mshindo akiwa chini ya bati. Kumbikumbi nao huja na mvua hizohizo.

Darasani swali la kwanza lilikuwa hadithi iko wapi. Sikulijibu vizuri, na sioni kama lilihitaji jibu. La pili ndilo lililonifurahisha: mwenzangu aliuliza kwa nini sauti “inachelewa”, maana yake alikuwa amegundua kwamba ni ya mabawa yaleyale.

Juzi fundi alinipigia. Amebaki na kipande kingine cha sola, na amegundua kwamba ukikielekezea rimoti ya televisheni na kubonyeza, spika inatoa mlio mkavu wa haraka haraka, na kila kitufe kina mdundo wake. Jicho halioni chochote, maana ule ni mwanga wa infraredi. Ananitaka nije na kinasa sauti kabla mwenye rimoti hajaja kuichukua.