Mbegu zilizogoma kulowa

Zilikuwa ndani ya choroko nilizonunua gulioni Muheza, kilo mbili. Nilipozimwaga kwenye ungo nikaona punje za rangi ya udongo wenye ukijani, ukubwa uleule wa choroko, nikadhani ni choroko zilizosinyaa. Nikaloweka zote.

Asubuhi choroko zimevimba, zile nyingine ziko vilevile, zinagonga bakuli kama kokoto. Nikaitoa moja juani. Choroko ina kistari cheupe pale ilipoungana na ganda lake, hii haina. Ni bapa, na kila upande ina alama ya duara kama imegandamizwa na kifuniko cha kalamu.

Bibi akaitazama akasema, "Hilo gugu, mjukuu wangu, ila jina sikwambii mpaka nione jani."

Basi nikapanda tano kwenye kopo. Wiki mbili, kimya. Nikachukua tano nyingine, nikazikwaruza ganda kwa wembe, kidogo tu mpaka weupe uonekane. Hazikumaliza wiki, nne zikachomoza.

Kazi ilikuwa kwenye majani. Kando ya njia yetu kuna gugu la maua ya njano ambalo kila jani lina jozi tatu za vijani butu, na maganda yake ni marefu, membamba, yamepinda kama mundu. Niliapa ndilo hilo. Lakini nilipopasua ganda lake, mbegu zilikuwa za pembe pembe na zinang'aa, na miche yangu ilipokua ikatoa jozi nne, kisha tano, ncha zimechongoka. Chini kabisa ya kikonyo, karibu na shina, kuna kinundu cheusi kama kichwa cha pini. Nikasugua jani, harufu mbaya ikabaki vidoleni hadi jioni.

"Mwingajini," akasema Bibi, hata hajainama.

Ndugu wawili kumbe, na mimi nilimshika asiyehusika. Huyu wangu si wa kuchekea: mbegu zake zikiingia kwenye chakula cha kuku au ng'ombe huwadhuru misuli na ini. Chekecheke haisaidii, tundu zinalingana. Nikainamisha ungo na kuutikisa taratibu: choroko zikabingirika, bapa nyingi zikabaki nyuma. Nilizookota zilifika thelathini na saba.

Mche mmoja Bibi amekataa using'olewe, uko mlangoni kwake kwa sababu ya hilo jina. Maganda nayakata mimi kabla hayajakauka.