CR-V yangu ilipokataa namba tisini

Gari lilianza kulia getini. Barabarani halikulia, wala kwenye mashimo ya njia ya Amani. Lililia pale pale nyumbani Chumbageni, hapa Tanga, kila nilipokata usukani mpaka mwisho ili niingie kwa rivasi. Mlio wenyewe mzito, wa kukoroma, mfano wa mtu mnene anayejigeuza juu ya kitanda cha kamba. Nikinyoosha usukani, kimya. Nikishika lami mpaka Muheza, kimya. Ikafika hadi watoto wa jirani wanajua nimerudi kabla sijapiga honi.

Biashara yangu ni viungo. Kila baada ya wiki mbili napanda milima ya Usambara mpaka Amani, nachukua iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima, nateremka navyo kwa wateja wangu wa Ngamiani. Ndiyo sababu nilinunua gari linalovuta tairi zote nne, Honda CR-V ya umbo la pili, mtumba wa Japani. Masika yakishika Usambara, gari linalovuta mbele peke yake nalo hupanda, ila usiulize bampa limebaki wapi.

Mwanzo nilidhani beringi. Kila niliyemuuliza alisema beringi. Nikanunua za nyuma, zote mbili, zikafungwa, nikalipa na ufundi. Nikarudi nyumbani nimejaa matumaini, nikakata usukani pale getini: krrrrum. Mdogo wangu akasema tairi. Tukabadilishana tairi za mbele na za nyuma. Krrrrum. Nilikuwa nimebakiza kulipeleka gari kwa mganga.

Kilichonizindua ni daftari. Mimi ni mtu wa daftari. Kilo ya iliki isiyoandikwa ni kilo iliyoliwa. Na matengenezo ya gari nayaandika humo humo. Kulipekua, nikaona wiki tatu kabla mlio haujaanza niliandika: "Sevisi kabla ya Idi. Oili ya injini, filta, oili ya difu namba 90." Difu ni lile bonge la gia katikati ya tairi za nyuma, na namba tisini ni oili nzito ya gia. Nikakumbuka vizuri. Mzee fundi aliyefanya sevisi aliniambia amenifadhili, oili ya difu ilikuwa imezeeka, kanitilia mpya, nzito, safi. Na kweli alikuwa na nia njema. Mzee yule ndiye aliyekuwa akiishika pikipiki ya marehemu baba, na hapa mjini gari tisa kati ya kumi anazolala chini yake difu zake hunywa namba tisini na kushukuru.

Nikatoa kitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi. Chote Kijapani, na tangu ninunue gari sikuwahi kukifungua. Mpwa wangu akaelekeza simu yake, ile programu inayosoma maandishi na kuyafasiri, ukurasa kwa ukurasa, tukafika kwenye jedwali la vilainishi. Upande wa difu ya nyuma, katikati ya zile herufi zao, kulikuwa na herufi nne ambazo hata bila simu ningezisoma: DPSF, jina la oili maalumu ya Honda. Namba tisini haipo popote.

Nilikesha siku ile nikisoma, na nikaelewa kwa nini. Kwenye magari kama RAV4 ya wakati ule, difu ya nyuma ni meno. Pinioni, ile gia ndogo, inasukuma gia kubwa, meno yanakandamizana huku yanasuguana, na hapo oili nzito ya daraja la GL-5, unene wa 75W-90 au 85W-90, yaani hiyo hiyo namba tisini, ndiyo kwake. Difu ya CR-V hii ina meno hayo hayo, lakini nyumba ile ile imepangisha na wapangaji wengine: pampu mbili za oili na klachi ya sahani nyingi. Pampu ya kwanza inazungushwa na propela shafti, lile bomba refu linalotoka mbele kuja nyuma, kwa hiyo inakwenda na mwendo wa tairi za mbele. Ya pili inakwenda na tairi za nyuma. Zikizunguka sawasawa, oili inayosukumwa na moja hunyonywa na mwenzake, na gari linavuta mbele tu. Tairi za mbele zikiteleza kwenye tope, pampu yao inazidi mbio, oili inakosa pa kwenda, presha inapanda na kuzibana zile sahani. Hapo ndipo nguvu inafika nyuma. Hakuna swichi unayobonyeza. Oili ndiyo inayoamua.

Sasa rudi getini kwangu. Ukikata kona kali, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Pampu zinapishana mwendo kidogo, sahani zinaguswa kidogo, na zinatakiwa ziteleze taratibu bila kung'ang'aniana. Oili yake maalumu imetengenezwa kwa ajili ya mtelezo huo. Ikichoka sana, au ukitia isiyo yake, sahani zinashika, zinaachia, zinashika tena, mara nyingi kwa sekunde. Huo ndio mkoromo. Beringi zangu mpya zilikuwa hazina kosa lolote, Mungu azihifadhi.

Oili yenyewe hapa Tanga sikuipata. Nilizunguka maduka ya spea, nikaoneshwa haidroliki ya giaboksi, nikaoneshwa namba tisini kwa rangi tatu, na kijana mmoja akaniapia kwamba zote ni moja. Binamu yangu akaipata Dar es Salaam, ile iliyokuja kuchukua nafasi ya ya zamani, imeandikwa Dual Pump Fluid II. Bei aliyonitajia nilimwomba airudie. Nikamwambia achukue makopo matatu, na hapa nisimame kidogo: kopo la kwati la Kimarekani lina mililita 946, na difu hii ukimwaga na kujaza inataka kama lita moja. Kopo moja linakukatisha njiani, difu inabaki na kiu kidogo. La tatu lilikuwa kwa ajili ya kusafishia, nitaeleza. Mzigo ukaja na basi, nikaufuata stendi ya Kange kama nafuata bibi harusi.

Kabla sijagusa spana nikampigia simu mzee fundi. Nilizunguka sana. Shikamoo, hali ya nyumbani, mguu unaendeleaje, mpaka mwenyewe akanikatiza: "Sema, mwanangu, gari lina nini?" Nikamwambia kitabu kinataka oili yake, nami nimeshaiagiza. Kimya kirefu. Kisha akasema difu ni difu. Kisha, baada ya kimya kingine, akanipa neno ambalo limeniokoa: "Kama unafungua mwenyewe, fungua cha juu kwanza. Ukimwaga ya chini halafu cha kujazia kikagoma, gari litalala hapo hapo, na mimi nina wagonjwa wengine." Pengine alikuwa amekasirika kidogo. Lakini ushauri ulikuwa wa dhahabu.

Kuangalia kiwango hakuna ajabu, mradi gari liwe limesimama sawa. Uwani kwetu pana sakafu ya saruji, na CR-V imeinuka kutoka chini kama sentimita 20, kwa hiyo mdogo wangu, ambaye mama humwita ufito, alijipenyeza bila jeki. Afadhali hivyo, ukiinua upande mmoja kipimo kinadanganya, na mtu wangu halali chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu. Difu ina vifuniko viwili vya nati, cha juu cha kujazia na cha chini cha kumwagia. Vyote vina tundu la mraba la tatu ya nane ya inchi, na kichwa cha racheti ya saizi hiyo kinaingia chenyewe bila soketi. Tatizo letu sisi wa pwani ni chumvi. Nati za chini ya gari hapa hushikana na kutu kama ndugu, basi jana yake usiku tulizipulizia WD-40, asubuhi tukazifuta, tukasafisha na mchanga wote uliozunguka ili usiingie ndani.

Kifuniko cha juu kilitoka kwa mlio mmoja. Dogo akaingiza kidole: oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa chini wa tundu. Ilifika. Kiwango kilikuwa sawa kabisa! Kilichokuwa kibaya ni aina. Tukaiangalia kwenye kidole, nzito, inavutika kama asali ya Handeni. Haikuwa na weupe wa chai ya maziwa, nikashukuru, maana weupe ungekuwa maji. Difu ina pua ya kupumulia kwa juu, na ukiitumbukiza difu ya moto kwenye maji mengi inapoa ghafla na kuyavuta ndani. Tangu nijue hivyo, mto ukijaa nasubiri.

Nililitembeza gari mpaka Raskazone na kurudi ili oili ilainike, tukaweka beseni, tukafungua cha chini. Kifuniko hicho kina sumaku, na kwenye sumaku palikuwa na uji mweusi laini wa chuma. Ujiujiu ni kawaida. Vipande au meno ndiyo ya kutisha, na hatukuviona. Tukafuta, tukaweka washa mpya za alumini, zile pete za kuzuia kuvuja. Hazilingani, ya kujazia ni ya milimita 20 na ya kumwagia 18, dogo alijaribu kuzibadilisha akashangaa. Kukaza kunatakiwa nyutoni mita 47. Spana ya kupimia sina, nikamwambia akaze kwa mkono mmoja, asiingize miguu.

Kujaza ndiko kulikotusumbua, kwa sababu tundu liko ubavuni na kopo halisimami pale chini. Fundi mwashi anayejenga ukuta wa jirani akatuazima mpira wake wa levo, ule mweupe wanaopimia usawa kwa maji. Ncha moja kwenye tundu, ncha nyingine juu nimeishika mimi na faneli, nimesimama mlango wa nyuma wa gari. Oili ikateremka polepole unaiona inavyopita. Ilipoanza kuchuruzika tundu la juu, tukaiacha imalize kudondoka, tukafunga.

Alfajiri ya kesho yake nikaenda kiwanja cha mpira cha mtaani. Usukani mpaka mwisho, mwendo wa konokono, duara kulia, duara kushoto, namba nane, kama mtu aliyepoteza hereni. Lengo ni oili mpya ipenye katikati ya sahani na kutoa mabaki ya namba tisini. Dakika za mwanzo lilikoroma. Likakoroma kwa kukatiza. Halafu likanyamaza, na mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akaniuliza kama najifunza kuendesha.

Wiki moja baadaye tukamwaga tena, hiyo ndiyo ile ya kusafishia. Ilitoka chafu, imekwisha changanyika, tukajaza mpya. Ile iliyotoka mara zote mbili niliitia kwenye dumu, jirani akaichukua kupaka nguzo za banda lake dhidi ya mchwa. Sasa kila mwezi wa mvua kubwa ukiisha naingiza kidole tundu la juu, na kumwaga nimejiwekea kila kilomita 40,000, au mapema zaidi nikisikia hata nusu ya mkoromo. Tarehe ziko kwenye daftari, baina ya mdalasini na madeni.

Juzi simu ikaita. Mzee fundi. Hakuniuliza hali ya nyumbani. "Mwanangu, hapa kuna CR-V inakoroma kama ile yako. Nimefungua cha juu, nimechungulia, nyeusi tii. Ile oili yako uliagiza kwa nani?" Nikampa namba ya binamu, nikamwambia aagize makopo mawili, moja halitoshi.