Nikajibu, "Zamani"

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Leo siku ya nne na bado namjibu. Naosha vikombe, namjibu. Nangoja basi, namjibu. Jana kazini mgonjwa wangu wa kitanda cha dirishani aliniuliza, "Unasema na nani, nesi?" nikanyamaza, maana sikuwa na la kumwambia.

Ilikuwa Jumanne jioni, ukumbi ule ule wa kanisa ninaouandika kila mara, ambamo siku hizi tunapanga ulinzi wa misikiti. Nilikuwa nimetoka zamu, sare mwilini, mtandio wa kijani kichwani, nimekaa meza ya orodha: nani ana gari, nani atamsindikiza nani, nani anaogopa kutembea peke yake kutoka kituo cha treni usiku. Akaja dada mmoja wa Kipakistani, mpole, mwenye sauti ya mtu anayezoea kufundisha watoto. Akavuta kiti, akakaa karibu kabisa.

"Mashaallah, dada. Umesilimu lini?"

"Mimi?"

"Ndiyo. Umesilimu lini?"

"Zamani," nikasema.

Akanishika mkono. "Allah akuthibitishe. Tunatafuta mtu aliyesilimu azungumze na waandishi wa habari. Ingependeza sana uwe wewe."

Nikamwambia nitafikiria. Basi. Akainuka akaenda kupanga masanduku ya maji, na mimi nikaendelea kuandika namba za simu kwa mkono uliokuwa unatetemeka.

Nyie mnajua tumo katika wiki gani. Tangu wale watoto watatu wa kike walipouawa Southport, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 29 Julai, Mungu awape subira wazazi wao, na uongo ukaenea kwenye simu kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia kwa mashua, ilhali kijana mwenyewe kazaliwa Cardiff, hakuna usiku niliolala moja kwa moja. Kesho yake tu msikiti wa Southport ukapigwa mawe. Kule Rotherham wakataka kuchoma hoteli na watu wamo ndani. Na Jumatano, baada ya kusambazwa orodha ya ofisi za mawakili wa uhamiaji zitakazovamiwa, yetu ya hapa Walthamstow, London, ikiwemo, maelfu ya watu wakaijaza Hoe Street, nami nilikuwa miongoni mwao nagawa maji, na wale waliotishia kuja karibu wote hawakutokea.

Najua mnataka niandike hiyo Jumatano. Ilikuwa nzuri, wallahi. Lakini nikifumba macho naona ule mkono juu ya mkono wangu.

Umesilimu lini.

Mimi mtoto wa Kizimkazi Dimbani, Unguja! Nimekua nikipita mbele ya ule msikiti kila siku ya Mungu nikienda chuoni na msahafu kwapani. Mihrabu yake ina maandishi ya Kikufi, ile hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107 kwa hesabu ya Miladi. Kuta zimekuja kujengwa upya karne ya 18, lakini yale maandishi ni yale yale. Babu alikuwa akitupeleka tukayaguse kwa ncha za vidole, na hatukuweza kuyasoma, yeye mwenyewe pia hakuweza, ila alijua yanasema nini kwa sababu na yeye aliambiwa na babu yake. Na hiyo ni kwetu tu. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta misingi ya misikiti inayorudi hadi karne ya 8.

Haya yote nimemwambia. Nimemwambia kwenye basi namba 69, nimemwambia kwenye lifti ya hospitali, nimemwambia nikikunja nguo za watoto. Mara namwambia kwa upole na anatokwa na machozi. Mara namwambia kwa ukali na ukumbi mzima unanyamaza. Siku ile yenyewe nilikuwa na neno moja tu, nalo likatoka kama la mtu aliyekamatwa.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Wale wa mawe niliwatarajia. Mwenye kutukana hijabu yangu kituoni hanishangazi tena, naondoka zangu. Huyu tunaswali safu moja. Alinitazama, akaona rangi ya ngozi, akahesabu kwamba dini lazima nimeipata njiani, kwa mume pengine, au kwa rafiki mwema wa Kiasia. Na alipendezwa! Hiyo furaha usoni mwake ndiyo siwezi kuifikisha kwenye maandishi. Tumekaa ukumbini kupinga watu wanaotazama sura wakajaza hadithi wenyewe, halafu mezani kwetu, kwa tabasamu na dua, mtu kanijazia yangu.

Alhamisi usiku nikampigia mama. Nilitaka aungane nami. Baba Watoto yuko Muscat hadi mwisho wa mwezi, na mambo haya kwenye simu ananijibu "achana nao" kabla sijamaliza. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akakaa kimya kidogo, nikasikia jogoo wa jirani, maana huko kulikuwa kunakaribia kucha.

"Unamkumbuka dada wa Ujiji?" akaniuliza.

"Yupi?"

"Aliyekuwa akitufulia, tulipokaa mjini kwa baba yako mdogo. Ramadhani. Wewe na miaka kumi na tano, kumi na sita."

Sikumkumbuka.

"Ulimuuliza mbele ya watu, 'Na nyie huko bara mnafunga?' Akakujibu, 'Tunafunga, mwanangu. Kwetu msikiti na nyumba vinatazamana.' Akaendelea kukamua nguo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwomba radhi usiku, akaniambia mtoto hana kosa. Lakini hakukaa sana tena."

Nilisahau. Nimesahau kabisa uso wake na jina lake, na mama amekaa nalo miaka thelathini. Yule dada pengine naye aliondoka akinijibu: akifua, akinijibu, akipanda meli, akinijibu. Watu wa Ujiji walikuwa Waislamu kabla babu yangu hajazaliwa, nami nilimuuliza kama anayeuliza ng'ombe kama anakula nyama. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nililiokota hewani tu, kwenye namna tulivyokuwa tukilitamka hilo neno "bara" pale nyumbani.

Tangu hapo hasira imepungua nguvu. Haijaisha. Ila sasa nikianza kumhutubia yule dada wa Jumanne, namwona na mwingine nyuma yake, mikono imeloa povu, ananisubiri nimalize.

Nadhani ndilo lililonifanya jana, kwenye mkutano wa Ijumaa baada ya Magharibi, ninyanyue mkono. Sijawahi kunyanyua mkono pale, mimi ni mtu wa orodha. Na nilichosema kilihusu orodha. Ile ratiba ya watu wa kusimama mlangoni wakati wa Isha na Alfajiri ina misikiti yote mikubwa, ya Wapakistani na ya Wabengali, na namba za simu za maimamu wao. Haina hata chumba kimoja cha kuswalia cha Wasomali wala cha Wanaijeria, vile vya ghorofani juu ya maduka, vyenye mlango mmoja na ngazi nyembamba. Moto ukiwashwa chini, hao watatokea wapi? Niliyaona haya tangu Jumanne, kabla ya yule dada kuvuta kiti. Nikajisemea, si mahali pangu.

Kimya. Kisha yule mzee wetu wa Kibengali, ambaye mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa watu kama 7,000 waliotembea nyuma ya jeneza la Altab Ali, kijana wa Kibengali aliyeuawa na wabaguzi, kutoka Whitechapel mpaka Downing Street, akagonga meza kwa kidole. Huwa haongei sana. Akasema mwaka ule walipoanza kulinda mitaa ya Brick Lane walianza na milango isiyokuwa na mtu wa kuisemea, kwa sababu huko ndiko watu walikokuwa wakipigwa. Akachukua kalamu yangu akachora mistari mipya chini ya ratiba, saba. Ikajaa kabla ya saa tatu na nusu. Dada mmoja wa Kisomali alinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi akaweka kiganja kifuani, nami nikaangalia chini kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Mstari wa Alfajiri ya Jumapili, mlango wa Wanaijeria, una majina mawili. Moja langu. La pili kaliandika yule dada wa Kipakistani kwa mwandiko wake mzuri. Saa tisa na nusu usiku tutakuwa mimi na yeye kwenye ngazi na chupa ya chai. Sijamwambia bado. Nitamwambia nikiwa nammiminia kikombe, bila hotuba, na nitamwambia pia habari ya dada wa Ujiji, maana moja bila ya pili nitakuwa nimemdanganya.

Lakini kuna jambo mama alilisema mwishoni, tulipokuwa tunaagana, kwa sauti ile anayoitumia akitaka nisilipe uzito. Kwamba wiki iliyopita walikuja watu wawili na mkanda wa kupimia, wakapigilia vigingi vyekundu vinne kwenye kiwanja chetu, upande wa baharini, kuanzia kisimani hadi kwenye mkwaju. Aliwauliza wametumwa na nani, wakamwambia asiwe na wasiwasi, bibi. Tangu Alhamisi nampigia kaka yangu na simu inaita tu. Hati za kile kiwanja ziko kwake.